Kondoo, Mvua Mbili na Miezi Mitano

Kondoo wa Kampala hana msimu wa kupandana. Wa Ulaya husubiri mpaka siku zianze kufupika; sisi tuko karibu na ikweta, na jike aliyeshiba hupata joto kila baada ya siku 17 hivi, mwaka mzima. Ukimwacha dume kundini siku zote, watoto watazaliwa hata malisho yakiwa makavu. Ndiyo maana wangu nimemjengea zizi lake. Vijana wa hapa Kasangati huniuliza, "Hajati, mbona unamtenga na wake zake?" Nawajibu kwamba mimba ya kondoo ni miezi mitano, na sisi tuna mvua mara mbili kwa mwaka.

Masika huanza Machi. Katikati ya Aprili majike wamenenepa, na jike aliyenona ndiye hubeba mapacha kwa urahisi. Hapo namfungulia dume, kifuani nimempaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, ili kila anayempanda abaki na alama mgongoni. Baada ya siku 17 nampaka rangi iliyokoza zaidi. Jike mwenye alama ya kwanza tu huenda ameshika mimba. Mwenye zote mbili alirudi kwenye joto. Wakirudi wengi, wa kupimwa ni dume. Baada ya majuma matano namtoa.

Watoto watakuja Septemba, mvua ya pili ikianza. Ugumu uko kabla ya hapo. Katika majuma sita ya mwisho mtoto hupata zaidi ya nusu ya uzito wa kuzaliwa nao, na majuma hayo huanza Agosti, malisho yakiwa yamechakazwa na jua la Juni na Julai. Mama wa mapacha, tumbo limejaa, hawezi kula majani makavu ya kumtosha. Mwili wake huyeyusha mafuta mpaka sumu yake inamlevya: anajitenga, anakataa chakula, anatembea kama asiyeona, kisha analala. Majirani huniita akishalala, na hapo wanaopona ni wachache. Inaniuma, kwa sababu kinga yake ni chakula tu.

Na chakula mjini kipo. Soko la Kalerwe hutupa maganda ya matoke kila siku. Nayaanika kidogo, nayachanganya na marando ya viazi vitamu, na jioni kila mwenye mimba anapata pumba ya mahindi yenye molasi. Naanza na kiasi kidogo, maana pumba nyingi ya ghafla huharibu tumbo.

Karibu na kuzaa, kinga ya jike dhidi ya minyoo hushuka, naye humwaga mayai palepale watoto watakapolisha. Kwa hiyo napenda chotara wa kondoo mwekundu wa Kimaasai, anayevumilia minyoo kuliko Dorper. Dorper hunenepa haraka, lakini nyasi zetu zenye unyevu humtesa.

Madume wa Septemba nawatenga wakifika miezi minne, kabla hawajawapa mimba dada zao. Hao ndio wa Idi kubwa. Mwaka 2025 iliangukia tarehe 6 Juni, nao walikuwa na zaidi ya miezi minane. Lakini Idi husogea nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Baada ya miaka michache watakuwa wadogo mno kwa udhiya, na itanibidi nimfungulie dume Oktoba, nipate watoto wa Machi.