Kuchagua Kifaa cha Mkononi kwa Kazi ya Nje ya Ofisi

Kazi nyingi ambazo zamani zilihitaji meza na jalada sasa hufanyika njiani, shambani na mlangoni kwa mteja. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, makarani walikusanya taarifa za kaya kwa vishikwambi nchi nzima. Maafisa ugani, mawakala wa bima na makarani wa vyama vya ushirika nao hutegemea kifaa cha mkononi kila siku. Kifaa hicho kikishindwa, hasara haiishii kwenye bei yake: siku ya kazi hupotea, na pengine hupotea pia kumbukumbu za watu waliokuamini.

Ushauri wetu wa msingi ni mmoja: ichunguze kwanza kazi yako na mahali unapoifanyia, ndipo uende dukani.

Kazi ni ipi?

Tuchukue mfano wa karani wa wakulima wa mpunga huko Chekereni, katika eneo la mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliokamilika mwaka 1987. Karani huyo huzunguka mashambani tangu asubuhi, katika jua kali, vumbi la barabara na maji ya mifereji. Huandika majina na kilo, hupiga picha za stakabadhi, na jioni hutuma taarifa. Kazi hiyo simu janja ya kawaida inaitosha. Mwenzake anayejaza fomu ndefu au kuwaonyesha wakulima ramani atanufaika na kioo kipana cha kishikwambi. Kompyuta mpakato humfaa anayeandika taarifa ndefu na kuandaa majedwali, na mara nyingi inaweza kubaki nyumbani.

Zingatia kwamba baadhi ya vishikwambi havina sehemu ya kuweka laini. Vya aina hiyo hutegemea intaneti ya simu yako, na hivyo chaji ya simu nayo huisha haraka.

Mtandao unafikaje?

Chekereni ni tambarare, na kwenye tambarare mawimbi hayakutani na vizuizi vingi. Ukipanda kuelekea Kibosho au Marangu, migongo ya mlima na makorongo huyakinga. Kwa sababu hiyo, simu iliyoshika vizuri mjini Moshi si uthibitisho kwamba itashika kila mahali unapokwenda. Azima laini za kampuni mbalimbali, uzijaribu palepale unapofanyia kazi kabla ya kuamua. Simu ya laini mbili hukupa njia ya pili mtandao mmoja unapokosekana.

Masafa ya chini, kama megahezi 700 na 800, hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi kuliko masafa ya juu. Simu iliyotengenezwa kwa soko la nchi nyingine inaweza kukosa baadhi ya masafa yanayotumika hapa, hata kama imeandikwa 4G. Muulize muuzaji, kisha uijaribu kwa laini yako.

Hata hivyo, usitegemee mtandao pekee. Chagua programu inayohifadhi taarifa ndani ya kifaa na kuzituma baadaye. ODK Collect na KoboCollect hufanya hivyo.

Chaji na uimara

Betri ya miliampea-saa 5,000 huwatosha watumiaji wengi kwa siku moja, lakini ramani na mwanga mkali wa kioo huimaliza mapema. Ukinunua pawabenki, usidanganywe na hesabu ya juujuu. Yenye maandishi ya miliampea-saa 10,000 haijazi simu hiyo mara mbili, kwa kuwa umeme mwingi hupotea wakati wa kubadilishwa nguvu. Tarajia mara moja na kidogo.

Kwenye maelezo ya kifaa tafuta alama ya IP. Katika IP67, tarakimu ya 6 humaanisha kwamba vumbi haliingii, na 7 humaanisha kwamba kifaa huhimili maji safi ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Kinga hiyo hupungua kadiri kifaa kinavyochakaa, na mara nyingi dhamana haifidii uharibifu wa maji.

Kabla ya kulipa

1. Bonyeza *#06# ili uone namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Simu ya laini mbili huwa na namba mbili. Hakikisha zinalingana na zilizo kwenye boksi.
2. Tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Aina ya simu itakayotajwa kwenye jibu ikitofautiana na uliyoishika, usinunue. Simu bandia zilifungiwa mitandao yote nchini Juni 2016.
3. Ikiwa ni mtumba, hakikisha akaunti ya mmiliki wa awali imeondolewa. La sivyo, unaweza kujikuta na simu isiyofunguka.
4. Uliza kifaa kitapokea maboresho ya usalama kwa muda gani.
5. Dai risiti yenye namba ya IMEI pamoja na dhamana ya maandishi.

Linda taarifa za watu

Majina, namba za simu na namba za vitambulisho unazobeba zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Weka nywila, hifadhi nakala mahali pengine, na usiwape watoto kifaa cha kazi wachezee. Kikiibwa au kupotea, toa taarifa polisi na kwa kampuni ya simu mara moja, ukiwa na IMEI uliyoiandika kando, ili laini na kifaa vifungwe.

Muuzaji akikataa kutimiza dhamana, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani. Tatizo likihusu huduma ya mtandao, anza na kampuni yako ya simu. Usiporidhika na majibu yake, fika kwetu ukiwa na risiti na kumbukumbu za mawasiliano yenu.