John Grierson na Funguo za Hazina

Waendao sinema aghalabu hulijua jina la mwigizaji, na baadhi yao la mwongozaji. Ama mtayarishaji, ambaye ndiye atafutaye fedha, ateuaye watu na abebaye lawama mali ikipotea, huyo jina lake hupita watu wangali wakitafuta viti. John Grierson, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1898, mwana wa mwalimu, aliacha katika kazi hiyo athari ipitayo ya waongozaji wengi aliowaajiri, na nionavyo mimi kipawa chake kikubwa kilikuwa kuujua mkono wa serikali na namna ya kuukunjua.

Alipoajiriwa mwaka 1927 na bodi iliyotangaza bidhaa za Dola ya Kiingereza, Hazina haikuwa na hamu ya kugharimia filamu. Lakini waziri mdogo wa Hazina, Arthur Samuel, alikuwa ameandika kitabu kizima juu ya samaki waitwao heringi. Basi ikapendekezwa kwamba filamu iwe ya wavuvi wa heringi, na bwana yule, ambaye labda angalikataa kila jambo jingine, hilo hakuweza kulikataa. Ndivyo ilivyopatikana Drifters, iliyoonyeshwa London mwezi wa Novemba 1929, yenye mabaharia watupao majarife baharini na kuyavuta yakiwa mazito kwa samaki, huku mawimbi yakiwapiga. Na Grierson, aliyewahi kutumikia meli za kuondoa mabomu baharini wakati wa Vita Kuu, alikuwa akiijua shida ile.

Baada ya hapo alikaribia kuacha kabisa kuongoza, akawakusanya vijana chini yake, na mwaka 1933 akahamia nao Idara ya Posta. Huko ikatoka Night Mail, ya mwaka 1936, iliyoongozwa na Harry Watt na Basil Wright, kwa mashairi ya Auden na muziki wa Britten. Wapangao barua humo ni watu wa posta wenyewe, ila behewa lao lilijengwa studioni, nao wakaambiwa wayumbeyumbe kana kwamba treni yaenda. Mwenye kutaka kuuita huo udanganyifu na auite. Kazi yao ilikuwa ya kweli.

Kanada ilimchukua mwaka 1939 akaisimamishie bodi yake ya filamu, akakaa huko hadi vita vilipokwisha. Mwaka 1951 alirudia utayarishaji, safari hii wa filamu za hadithi, katika kampuni ya Group 3 iliyoendeshwa kwa fedha za umma. The Brave Don't Cry, ya mwaka 1952, ilitokana na maafa ya mgodi wa Knockshinnoch, ambako wachimbaji 116 waliokolewa na 13 wakafa. Man of Africa ilipigwa Uganda, juu ya Wakiga wahamao kutafuta ardhi, waigizaji wakiwa Waafrika. Nayo, kwa masikitiko yangu, haikupata nafasi ya maana katika majumba ya sinema ya Uingereza. Wasambazaji hawakuzipenda bidhaa za Group 3, na kufikia mwaka 1955 shughuli zake zilikuwa zimesita. Miaka miwili baadaye Grierson alikuwa katika televisheni ya Uskoti, akiwaonyesha watazamaji filamu za wengine.