Meza ya Kukatia Plaiwudi

Kituo cha kukatia katika karakana ya useremala ni meza inayobeba shiti nzima, reli inayonyoosha njia ya msumeno, egemeo linaloshika pembe, na kizuizi kinachoamua urefu. Vikikaa sawasawa, fundi hupima mara moja tu, na vipande vinavyofuata hutoka na kipimo kilekile bila tepu kuguswa tena. Kabati ambalo milango yake hufunga bila kusukumwa huanzia hapo. Msumeno wenyewe una mchango mdogo kuliko watu wanavyodhani: wa bei nafuu uliofungiwa njia nzuri hukata vizuri kuliko wa gharama unaoongozwa kwa jicho.

Kwa seremala wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, jambo hili lina uzito wa pekee. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe, mahali palipokuwa gereza. Ilipangiwa watu kama 10,000, sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili husikika kila pembe ya soko lake. Vitanda, milango, makabati na kaunta za maduka vinahitajika kila siku. Lakini shiti za plaiwudi, ikiwemo ile inayotengenezwa na kiwanda cha Raiply huko Chikangawa, pamoja na MDF inayotoka nje ya nchi, hununuliwa mjini Lilongwe. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na safari ya dukani ikazidi kuwa jambo la kupangwa. Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18 ina uzito wa kilo 30 hivi, na ya MDF hukaribia 40. Ikishafika kambini juu ya pikapu, kipande kilichokatwa vibaya hakibadilishwi kwa kurudi mtaa wa pili.

Kosa la kwanza mara nyingi huwa la hesabu. Shiti ya kawaida ina milimita 1,220 kwa 2,440, yaani futi nne kwa nane. Anayetaka rafu nne katika upana huo hugawa kwa nne, akapata 305, akaanza kukata. Tatu za mwanzo hutoka sawa, ya nne hutoka 296. Hizo milimita tisa zimekuwa unga: diski ya msumeno hula kama milimita 3 kila inapopita, na hapa imepita mara tatu. Ni heri rafu zote zipangwe kuwa 300, kwani zitabaki milimita 11, na hizo zinatosha kunyoosha ukingo wa shiti uliogongwa njiani kabla ya kipimo chochote kuanza.

Meza ya kukatia haina haja ya kuwa na uso mzima. Inayofaa ni fremu ya mbao za msonobari zilizopishana kama wavu, kimo cha nyonga, kila mbao ikiwa imechanjwa nusu ili iingiliane na mwenzake. Skrubu zizamishwe chini, mbali na mahali diski itakapofika, kwa sababu meza hii hukatwa pamoja na shiti na baada ya miezi kadhaa hujaa mifereji. Wavu huo unabeba pande zote mbili za mkato. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana: kipande kisichobebwa huinama, njia ya meno hufunga, diski hubanwa, na msumeno huruka nyuma kumfuata aliyeushika.

Nyumba nyingi za Dzaleka zina sakafu ya udongo, na udongo huzama. Meza iliyokuwa bapa Jumatatu inaweza kuwa imejipinda Alhamisi bila mtu kugundua. Nyuzi mbili humaliza shaka: moja ivutwe kutoka kona hadi kona, ya pili ikate katikati yake. Zikigusana kidogo tu, meza iko sawa. Moja ikiikandamiza nyingine au zikiachana, kabari iwekwe chini ya mguu unaohusika. Pimamaji si lazima, kwani meza inaweza kuinama kidogo yote kwa pamoja bila madhara. Kisichovumilika ni kujipinda.

Reli ndiyo sehemu inayostahili muda mwingi, na haigharimu kitu ila mabaki. Chini huwekwa ubao mwembamba wa plaiwudi ya milimita 6, mpana kuliko bamba la msumeno. Juu yake hugundishwa na kupigwa skrubu ukanda wa MDF wenye ukingo ulionyooka kabisa. Gundi ikishakauka, msumeno huegemezwa kwenye ukanda na kusukumwa mwanzo hadi mwisho, ukikata ubao wa chini. Kuanzia hapo, ukingo wa ubao huo ndio mstari halisi wa diski. Fundi hahesabu tena umbali kati ya bamba na meno. Anaweka ukingo juu ya alama ya penseli, anabana kwa klempu mbili, anakata. Ila reli hiyo ni ya msumeno huo na diski hiyo. Diski ya unene mwingine ikifungwa, ukingo hauko kweli tena na inabidi ukatwe upya, au reli nyingine itengenezwe.

Ukingo ulionyooka hujulikanaje, pasipo rula ndefu ya chuma? Ubao uwekwe juu ya shiti, mstari wa penseli upigwe kuufuata, kisha ubao ugeuzwe tumbo juu na mstari wa pili upigwe kutoka nukta zilezile za mwisho. Mistari ikilala pamoja, ukingo umenyooka. Ikiachana katikati kwa milimita 2, ubao una kombo la milimita 1, kwa maana jaribio hili huonyesha kosa mara mbili ya lilivyo. Ukingo wa kiwandani wa MDF hufaulu mara nyingi. Ule wa mbao ya msonobari usiaminiwe, hata kama ulipigwa randa jana.

Kwa mikato ya kupita upana, ambako vipande vingi hupatikana, reli fupi hufungwa moja kwa moja juu ya meza, imenyanyuliwa kwa vibao viwili vyenye unene wa shiti, na egemeo huwekwa mraba nayo. Egemeo lishikwe kwanza kwa skrubu moja upande mmoja na klempu upande wa pili, liweze kusogezwa kidogo. Guni la dukani halitoshi kulipima, kwani mkono wake mfupi huficha kosa linalojitokeza mbele.

Kipimo cha kweli ni mikato mitano. Kipande cha kama nusu mita hukatwa ukingo mmoja, kikageuzwa ukingo uliokatwa uegemee egemeo, kikakatwa tena, hadi pande zote nne ziishe. Mkato wa tano, kwenye upande wa kwanza, hutoa ukanda mwembamba, na ukanda huo umebeba kosa la mikato yote minne. Tuseme upana wake ni milimita 22.0 mwanzoni na 20.8 mwishoni: tofauti ya 1.2 igawanywe kwa nne, egemeo lina kosa la milimita 0.3 kwa nusu mita. Asiye na vania anaweza kuukata ukanda huo katikati, kuzigeuza ncha mbili zikae bega kwa bega juu ya kitu bapa, na kupitisha ukucha. Ukucha hukwama hata penye tofauti ambayo jicho limeshindwa kuiona. Egemeo husogezwa, jaribio hurudiwa, na likikubali, skrubu ya pili hukazwa.

Kizuizi ni kipande cha plaiwudi kinachobanwa kwenye egemeo. Kona yake ya chini ichongwe kidogo ili unga wa mbao upate pa kwenda. Punje chache zikiganda hapo, kila kipande hupungua bila fundi kujua. Mashine za kiwandani hutumia kanuni hiihii. Katika msumeno wa meza inayoteleza, aliobuni Wilhelm Altendorf mjini Berlin mwaka 1906, egemeo na kizuizi husafiri pamoja na ubao. Wenye misumeno ya aina hiyo mjini wanaweza kumkatia mteja kwa malipo, na kwa kazi kubwa hiyo si njia mbaya, mradi vipande viongezwe sentimita moja na kumaliziwa nyumbani.

Uso mzuri wa shiti ulale chini msumeno wa mkononi wa umeme unapotumika, maana meno yake hupanda na kurarua upande wa juu. Kwa msumeno wa kawaida wa mkono, kinyume chake. Diski itokeze chini ya shiti milimita chache tu. Waya upite begani, macho na pua vifunikwe, na glovu zivuliwe, kwani diski ikishika uzi wa glovu huvuta na vidole.

Umeme nao una sauti katika mpango huu. Dhoruba Ana ya Januari 2022 ilibomoa sehemu ya bwawa la kuzalisha umeme la Kapichira na kuinyima Malawi karibu megawati 130, na hata katika siku za kawaida umeme huja na kuondoka. Hapo kizuizi hulipa zaidi: pande zote za makabati matano hukatwa kwa mpango mmoja saa umeme ulipo, na kuunganisha hufanywa baadaye kwa mkono. Ukikatika kabla kazi haijaisha, reli ileile, ikiwa ukanda wake ni mrefu kwenda juu, huuongoza pia msumeno wa mkono, kwa kuubana ubapa wake usiiname. Kasi hupungua, kipimo hakibadiliki.

Mvua zinazoanza Novemba huvimbisha mbao hadi Aprili, kwa hiyo egemeo na kizuizi vitengenezwe kwa plaiwudi, na reli yenye MDF ining'inizwe ukutani, mbali na sakafu. Jaribio la mikato mitano lirudiwe mwanzo wa mvua, mwisho wake, na kila meza inapohamishwa.