Wapemba wa Kenya: mpaka uliwakuta baharini

Sisi tulioihama nchi yetu, tukakaa miaka tukisubiri karatasi za ukaazi katika nchi za watu, tunaijua thamani ya kitambulisho. Ndiyo maana ilitugusa sana habari ya Julai 2023, pale Rais William Ruto alipokwenda Kilifi kuwatambua rasmi Wapemba wa pwani ya Kenya kuwa raia.

Watu hawa si wageni wa jana. Asili yao ni kisiwa cha Pemba, na wengi wao ni wavuvi. Kabla ya Disemba 1963, ukanda wa pwani wa maili 10, Mombasa ikiwemo, ulikuwa kisheria milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa mtawala alikuwa Mwingereza. Kwa hiyo mvuvi aliyetweka tanga Wete siku hizo na kutia nanga Vanga hakuwa amehamia dola nyengine. Alivuka maji tu. Mpaka ndio uliomkuta yeye na wanawe upande wa pili.

Waliokosa kitambulisho waliishi kwa kujificha. Hawakuweza kusajili simu kwa majina yao, kufungua akaunti benki, kupata leseni ya uvuvi wala kupiga kura.

Wapemba hawakuwa wa kwanza. Oktoba 2016 Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta. Wakapewa vitambulisho. Disemba 2020 ikawa zamu ya Washona wenye asili ya Zimbabwe.

Tunaipongeza Kenya. Hata hivyo, kuna kasoro ambayo hatuwezi kuinyamazia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 iliwapa watu wasio na uraia wa nchi yoyote, waliokuwapo Kenya tangu 1963, miaka 5 ya kuomba kusajiliwa, na nyongeza isiyozidi miaka 3. Muda huo ulikwisha kabla ya Wapemba kutambuliwa. Sheria ikifunga mlango, mnyonge hubaki kusubiri siku ambayo rais ataona huruma.

Wamakonde walikuwa wengi, wakatembea pamoja. Je, yule aliye peke yake kijijini, asiye na kabila la kuandamana naye, atakwenda kwa nani? Uraia ni haki, na haki haitolewi jukwaani kama zawadi.