Kuanguka au Kutua? Helikopta Injini Inapozimika Pwani ya Cabo Delgado

Habari za Cabo Delgado, jimbo la Msumbiji linalopakana na Tanzania kwa Mto Ruvuma, tumekuwa tukizitumia darasani katika mazoezi ya tafsiri, na kuna neno moja linalotusumbua kila mara. Helikopta ikizimika injini angani, wanafunzi wengi huandika kuwa "imeanguka". Mwenye ndugu yake ndani ya chombo hicho akisoma hivyo, ataanza kupanga matanga. Kumbe injini kuzima si lazima chombo kianguke.

Tuanze na kititia, kile kichezeo cha ukuti ambacho mtoto hukimbia nacho kikazunguka. Hakina injini, upepo ndio unaokizungusha. Mapanga ya helikopta (kamusi zetu zina rafadha, lakini panga ndilo neno la mitaani) yanaweza kufanya vivyo hivyo. Kwa kawaida huzungushwa na injini, lakini katikati pana kifaa kinachofanya kazi kama gurudumu la nyuma la baiskeli: ukiacha kukanyaga pedeli mteremkoni, gurudumu halisimami. Injini ikizima, mapanga hubaki huru.

Hapo rubani hana muda wa kufikiri. Ndani ya sekunde moja au mbili ni lazima ashushe wenzo ulio upande wake wa kushoto ili mapanga yalale, yasiikate hewa kwa nguvu. Akichelewa, mzunguko hupungua, na ukishapungua kupita kiasi hakuna cha kuurudisha. Huko ndiko kuanguka hasa. Akiwahi, helikopta huteremka, na hewa inayotoka chini hupita katika mapanga ikayazungusha. Kasi ya kushuka ni kubwa, aghalabu mita 8 hivi kwa sekunde, kwa hiyo aliyekuwa juu mita 300 ana nusu dakika na ushei tu ya kuchagua pa kutua. Akikaribia ardhi huinua pua ya chombo ili kupunguza mwendo, kisha huvuta ule wenzo juu, na nguvu yote iliyobaki katika mapanga humalizika papo hapo. Hakuna kujaribu mara ya pili. Ajabu ni kwamba aliye juu sana ana nafasi nzuri kuliko aliyesimama hewani mita 30 tu kutoka ardhini, kwa sababu huyu wa pili hana kimo wala mwendo wa kumsaidia.

Sasa tazama pwani yenyewe. Kati ya Palma, Mocímboa da Praia na visiwa vya Quirimba kuna mikoko, vichaka na miamba ya matumbawe. Wakati wa bamvua bahari hupwa karibu mita 4, na mafungu ya mchanga hutokeza, mazuri kabisa kwa kutua. Saa sita baadaye fungu hilo ni bahari. Helikopta zinazohudumia mitambo ya gesi baharini hufungwa maboya yanayojazwa gesi kwa ghafla, kwani injini na gia ziko juu, na chombo kikigusa maji bila maboya hupinduka upesi.

Hata hivyo watu hawakuwa na hiari ya kutopanda. Baada ya kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, misaada ilipelekwa kisiwani Ibo kwa helikopta. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, waliojificha katika hoteli ya Amarula walitolewa wachache wachache kwa helikopta ndogo za kampuni ya Afrika Kusini iliyokuwa imeajiriwa na polisi wa Msumbiji. Waliojaribu kutoka kwa msafara wa magari walishambuliwa njiani.

Kampuni hiyohiyo ilikuwa imepoteza helikopta jimboni humo Aprili 2020. Ilikuwa aina ya Gazelle, yenye injini moja. Ilipigwa risasi kutoka chini, ikalazimika kutua, na waliokuwamo wakaokolewa. Mwanafunzi wetu akiandika kwamba helikopta hiyo "ilianguka", tunamkata alama.