Weupe Ndani ya Shavu, na Maswali ya Mume

Mama akiona weupe ndani ya shavu lake, mara nyingi wazo la kwanza ni UKIMWI. Kabla hajamwona daktari, mume ameanza maswali. Hofu hiyo ina chanzo: utando mweupe wa fangasi huwapata wengi ambao kinga yao ya mwili imeshuka. Lakini utando huo kwa kawaida hubanduka ukifutwa kwa kitambaa safi. Upo weupe mwingine usiofutika, nao hauzungumzwi sana majumbani.

Chukua kioo, simama penye mwanga, vuta shavu. Ukiona mistari myembamba myeupe iliyosukana kama utando wa buibui, hasa pande zote mbili, huenda ni ugonjwa uitwao likeni plana. Daktari Mwingereza Erasmus Wilson aliupa jina hilo mwaka 1869. Huwapata zaidi wanawake wa makamo. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kutulinda, hugeuka na kuishambulia ngozi laini ya kinywa, nayo huvimba na kuwaka kwa miezi, hata miaka. Pilipili huchoma, machungwa hayaliki. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi, rangi ya asili huvuja chini ya ngozi hiyo iliyoumia na kuacha madoa ya kahawia au meusi, ambayo huweza kubaki hata maumivu yakiisha.

Ugonjwa huu hauambukizi: si kwa busu, si kwa kikombe, si kwa kitanda cha ndoa. Baba aambiwe hivyo, ikibidi na daktari mwenyewe.

(Fizi nyeusi ulizokua nazo si ugonjwa. Usizisugue kwa chumvi wala ndimu.)

Dawa za steroidi za kupaka au kusukutua huutuliza, ila hakuna ya kuumaliza kabisa. Mtajie daktari dawa zote unazotumia, kwani baadhi ya zile za shinikizo la damu huleta hali kama hiyo. Sigara, ugoro na tambuu uviache. Kati ya wagonjwa 100, mmoja hivi hupata saratani ya kinywa baadaye, ndiyo maana daktari wa meno huweza kukata kinyama kidogo kipimwe maabara, kisha akakuita tena kila mwaka au mapema zaidi. Kidonda au doa jeupe au jekundu lisiloondoka kwa majuma 2 likaonwe, hata kama haliumi.