Umehama Kivinjari, Tatizo Limehama Nawe

Barabara ya Khalid bin Al Waleed, Bur Dubai, wengi huiita Computer Street, na ukiingia upande wa Mankhool unakutana na Al Ain Centre, jengo lililojaa maduka ya kompyuta. Wafanyabiashara kutoka kwetu Afrika Mashariki hupita huko wakisaka laptopu, mpya na zilizotumika. Malalamiko kwa mafundi ni yaleyale ya Kariakoo: “Chrome inazingua, niwekee nyingine.” Mteja anawekewa Firefox. Ikigoma nayo, anawekewa Opera. Akishachoka na kivinjari, hasira inahamia kwenye barua pepe: Outlook inatolewa, Thunderbird inaingia.

Simlaumu anayehama. Programu inayoganda katikati ya kazi inastahili kufukuzwa. Ila mara nyingi kinachokera kiko chini ya programu, wala hakiko ndani yake.

Kila kivinjari kina injini, yaani sehemu inayosoma msimbo wa ukurasa na kuuchora kwenye kioo. Majina ya vivinjari ni mengi, injini ni chache. Mwishoni mwa miaka ya 1990 waandishi wa programu huria wa mradi wa KDE waliunda injini ya KHTML. Apple ikaichukua, ikaijenga upya kwa jina la WebKit na kuitia ndani ya Safari mwaka 2003. Google ikaanza na WebKit hiyohiyo kwenye Chrome mwaka 2008, kisha mwaka 2013 ikachepuka na tawi lake, Blink. Mwaka huohuo Opera ya Norway iliitupa injini yake yenyewe na kujiunga na msafara. Microsoft ikafuata mwaka 2020 na Edge mpya. Kwa hiyo anayetoka Chrome kwenda Edge, kutoka Edge kwenda Opera, kisha Brave, amepaka gari rangi tatu na injini ni ileile. Firefox ndiyo yenye injini ya ukoo mwingine, Gecko. Kwenye iPhone mambo ni mabaya zaidi: kwa miaka mingi Apple ilitaka vivinjari vyote vitumie WebKit. Umoja wa Ulaya uliilazimisha ilegeze sharti hilo mwaka 2024, lakini Dubai si Ulaya.

Kwenye mashine zilizotumika kuna mchawi mwingine, mdogo kuliko wote: betri ya saa. Fungua kompyuta nyingi za mezani utaikuta kwenye bodi, duara la rangi ya fedha lenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3.2, limeandikwa CR2032. Kwenye laptopu nyingi imefungwa kwa plastiki na ina nyaya mbili. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea hata umeme ukikatika. Ikifa, mashine ikizimwa na kukosa moto, tarehe hurudi nyuma, pengine miaka kumi. Sasa kila tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kuanzia Septemba 2020 vyeti vya kawaida vilivyotolewa havikuruhusiwa tena kuzidi siku 398. Mashine inayoamini kwamba tuko mwaka 2014 inakiona cheti cha leo kama hati ambayo muda wake haujaanza, inakikataa, na kioo kinajaa onyo kwamba muunganisho si salama. Badilisha kivinjari utakavyo. Vyote vinatazama saa hiyohiyo. Programu ya barua pepe nayo itagoma kwa sababu hiyohiyo. Tiba ni kurekebisha tarehe, kisha betri ya bei ndogo sana.

Kuna na lile la simu za WhatsApp, ambalo wageni wapya Dubai hulitafutia dawa kwa kubadilisha programu. Simu za sauti na video za WhatsApp huzuiwa na mitandao ya Emirati kwa kufuata kanuni za nchi. Hapo kifaa chako hakina kosa lolote.

Barua pepe ni habari nyingine, kwa sababu humo kuhama kunawezekana kweli. SMTP, lugha ya kutuma barua, iliandikwa mwaka 1981. IMAP, lugha ya kuzisoma, ilibuniwa na Mark Crispin wa Stanford mwaka 1986. Zote ni za wazi, hivyo programu yoyote inayozijua inaweza kuongea na seva yoyote inayozitumia. Balaa liko kwenye POP, lugha ya mwaka 1984: kwa mpangilio wake wa kale, hushusha barua kwenye diski yako na kuzifuta kwenye seva. Ukiing’oa programu inayotumia POP na kuweka nyingine, sanduku linafunguka tupu. IMAP huziacha kwenye seva, na programu mpya huzikuta.

Halafu mwaka 2022 Google na Microsoft zilianza kufunga njia ya zamani ya kuingia kwa nenosiri pekee kupitia programu za nje. Programu za kale zikawa zinauliza nenosiri tena na tena, na watu wakabadilisha nenosiri bure.

Basi kabla ya kung’oa chochote, tazama tarehe ya mashine, kisha uliza kama barua zako ziko IMAP au POP. Na kama barua zako za maana zimo kwenye anwani ya kampuni, nakili zile zilizo zako binafsi kabla mkataba wa kazi haujaisha: akaunti ikishafungwa na kufutwa, hakuna programu itakayozirudisha.